Barafu Ikitua Mzigo

Majirani wetu wa miaka mingi hapa mtaa wa Umoja, Nairobi, waliuza ploti yao, na nyumba ikabomolewa kwa siku mbili. Vijana wa mjengo walianza na mabati, wakafuata milango na vyuma vya madirisha kwa sababu hivyo vina mnunuzi, ndipo nyundo zikaingia ukutani. Jioni ya siku ya pili palikuwa na kilima kinachonifika begani, na mlinzi mzee ameketi kando yake juu ya debe lililopinduliwa.

"Lori linakuja kesho kuondoa kifusi," akaniambia.

Lori halikuja kesho. Halikuja wiki hiyo, wala mwezi huo, nami nikawa napita hapo kila asubuhi nikienda kwa mama mboga. Ukikipita kifusi kimoja kila siku, unaanza kukisoma. Hiki kilikuwa na vigae vya buluu vya bafuni, nusu ya kitana, bomba la plastiki lililopindwa kwa moto, na mabamba ya sakafu nyekundu, ile ya simiti iliyopakwa rangi na kusuguliwa kwa nta kila Jumamosi. Nikiwa darasa la pili niliteleza juu ya sakafu hiyo nikavunjika jino. Sasa ilikuwa imelala kifudifudi juani, mgongo wake wa kijivu ukiwa juu, na wekundu ukichungulia pembeni tu.

Wakati huohuo nilikuwa na kazi mezani. Mimi ni mfasiri. Nalipwa kwa maneno, na maneno yakigoma, kodi ya nyumba hugoma nayo. Kazi yenyewe ilikuwa kijitabu cha watoto kuhusu milima. Sentensi ya nne ikasema kwamba barafu ikishuka mlimani hubeba "debris". Nikaandika kifusi, nikafuta. Nikaandika takataka, nikacheka peke yangu, nikafuta tena.

Kwetu Nairobi neno hilo la kigeni ni la taarifa ya habari. Ghorofa likiporomoka, watu wanatafutwa chini ya vifusi. Tarehe 30 Desemba 2024 pete ya chuma yenye upana wa mita 2.5 hivi na uzito wa kilo 500 hivi ilianguka kijijini Mukuku, Makueni, ikaelezwa kuwa kipande cha roketi, na kwa wiki nzima hata abiria wa matatu walikuwa wataalamu wa vifusi vya angani. Kwa hiyo tunalijua. Lakini kulijua neno na kulihamisha ni kazi mbili.

Kifaransa, lilikotoka, hulijenga juu ya tendo la kuvunja: kilichovunjika, basi. Kiswahili hakitosheki na hapo. Chetu kinataka kujua kwanza ni mabaki ya nini, na ni mkono gani ulioyaacha. Nazi ikikamuliwa huacha chicha. Ufuta ukishindiliwa mpaka utoe mafuta huacha mashudu. Nafaka ikitwangwa huacha makapi, wali huacha ukoko (ambao kwetu hugombewa, kwa hiyo sina hakika kama tuuhesabu), na walaji wakinyanyuka huacha makombo. Chungu kikianguka, vigae. Maji yakituama, mashapo. Ukitaja chicha umeshataja na mbuzi ya kukunia, na mtu aliyeketi juu yake, na mchuzi unaosubiri jikoni. Neno moja la mabaki limebeba kazi nzima.

Sasa barafu ikipita, ikafa, huacha nini? Hapo kamusi zangu tatu zikaninyamazia.

Si ajabu. Barafu niliyoijua utotoni ilikuwa ya kununua. Mama mmoja wa mtaani alikuwa na friji, akichanganya maji, sukari na rangi nyekundu, anamimina kwenye vijuala vyembamba, anafunga fundo, anagandisha. Hiyo ndiyo ilikuwa barafu, haikuwa na maana nyingine. Ilikuwa enzi kabla mifuko ya plastiki haijapigwa marufuku mwaka 2017. Ulikuwa unang'ata pembe ya kijuala na kunyonya, na kila mtoto wa Nairobi anajua kilichofuata: rangi na utamu vinatangulia, halafu unabaki na kijiti cheupe kisicho na ladha yoyote, unakitupa.

Kumbe ile ilikuwa sayansi yote mkononi mwetu. Maji yanapoganda polepole hukataa wageni. Chembe zake hujipanga kwa mpangilio ambao hauna nafasi ya sukari wala rangi, kwa hiyo vitu hivyo husukumwa pembeni, vinajibana kwenye mianya, na ndivyo vinavyoyeyuka kwanza. Barafu, kwa asili yake, ni safi kupita kiasi, inajitenga. Lakini ikigandishwa haraka, au ikiwa kitu chenyewe ni kizito na kimekwishazingirwa, inashindwa kukitema, inakimeza. Ndiyo maana mara mojamoja katikati ya kile kijiti cheupe ulikuta punje ya mchanga, imekaa palepale ilipokamatwa, kama nzi kwenye utomvu.

Ukikuza kijiti hicho hadi kiwe na unene wa makumi ya mita na urefu wa kilomita kadhaa, ukakilaza mlimani, umepata mto wa barafu, ule ambao waandishi wengine huuita barafuto. Unatembea kweli. Theluji inarundikana juu mwaka baada ya mwaka, ya chini inashindiliwa mpaka inakuwa barafu, na uzito ukizidi, barafu inaanza kujivuta kuteremka, sehemu kwa kulegea ndani kwa ndani kama ugali uliomiminwa kabla haujashika, sehemu kwa kuteleza juu ya utando wa maji ulio chini yake. Na inapopita, inapakia.

Mizigo mingine huiangukia kutoka juu. Maji yakiganda huongezeka ukubwa kwa takriban asilimia 9. Yakiwa ndani ya ufa wa mwamba, huo ni msumari wa kabari unaopigwa kila usiku. Kwenye milima yetu ya tropiki kazi hii haina likizo, maana mchana jua linachoma na usiku kunaganda, mwaka mzima, kwa hiyo kuta za mawe zinamomonyoka na kumwaga vipande juu ya barafu iliyo chini. Mizigo mingine barafu huitwaa yenyewe kwa chini: maji hupenya kwenye nyufa za mwamba, yanaganda yakiwa yameshikana na barafu iliyo juu, na barafu ikisogea hung'oa bamba zima, kama jino. (Najua ninachosema kuhusu meno.)

Kwa siku kadhaa nilisoma tu, nikajikuta najua mengi na bado sina neno. Ndipo mtoto wa kaka yangu alipokuja likizo. Ana miaka tisa na haamini kitu mpaka akishike.

"Shangazi, lakini barafu ni laini. Hata meno yangu yanaivunja. Itakwanguaje jiwe?"

Swali zuri kuliko yote yaliyokuwa kwenye kijitabu. Tukaenda kwa mlinzi, tukaomba kokoto na mchanga mikono miwili kutoka kwenye kifusi. Mlinzi alituangalia kwa huruma. Tukachukua mikebe miwili mitupu ya mafuta ya kupikia: mmoja tukautia maji matupu, mwingine mchanga na kokoto chini, maji juu. Tukaisukuma kwenye friza ya Mama, katikati ya matumbo na maharagwe yaliyochemshwa. Usiku ule stima ikapotea mpaka alfajiri, jaribio likaharibika, na Mama akatutaka tueleze kwa nini maharagwe yake yamelala pamoja na mawe ya watu. Tukaanza upya.

Siku ya pili tulikuwa na vibonge viwili vigumu. Tukakata mche wa sabuni ya kufulia, tukaulaza kwenye karai. Kibonge safi kilipita juu ya sabuni kikaacha unyevu tu, hata alama ya unywele haikuonekana. Kile chenye mchanga tukakikandamiza na kukivuta mara moja, taratibu, kuelekea upande mmoja. Sabuni ikatoka na michirizi: mirefu, iliyonyooka, yote ikielekea upande uleule, mingine myembamba ya mchanga, na miwili mipana mahali kokoto zilipopita. Chini ya kibonge kulikuwa na unga wa sabuni umekusanyika kama dawa ya meno.

Mtoto akainama mpaka pua ikakaribia karai. "Kwa hiyo barafu ni mkono," akasema, "na mawe ni kucha."

Nikamwandikia sentensi hiyo kwenye daftari, kwa sababu wanajiolojia wameieleza kwa kurasa nyingi na hawajamzidi. Michirizi hiyo iko kwenye miamba ya Uskoti na Kanada na kwingine kwingi barafu ya kale ilikopita, na inaonyesha ilikuwa inaelekea wapi. Ule unga wa sabuni nao una ndugu yake: mwamba uliosagwa laini hivi kwamba hauzami, unaelea ndani ya maji na kuyafanya yawe na weupe wa maziwa au kijani cha ajabu. Ukiona ziwa la mlimani lenye rangi ya namna hiyo, kuna kinu cha barafu kinachosaga huko juu.

Masikioni mwangu kokota na kokoto ni ndugu wa tumbo moja. Mkokoteni wa soko la Gikomba unakokota, na kila kitu kimo: magunia ya viazi, kitanda, friji bovu, mtoto ameketi juu. Barafu ni mkokoteni wa namna hiyo. Waswahili wamesema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na kwa barafu kila mzigo ni wa mwenzake. Chembe ya vumbi na jabali la ukubwa wa nyumba vinakwenda kwa mwendo mmoja, kwa nauli moja. Huko Alberta, Kanada, karibu na mji wa Okotoks, kuna jiwe lenye uzito wa zaidi ya tani 16,000, limekaa peke yake katikati ya uwanda. Lori la tani kumi lingehitaji zaidi ya safari 1,600 kulihamisha. Barafu ililitoa kwenye Milima ya Rocky, mamia ya kilomita, ikaliacha hapo.

Maji hayako hivyo. Maji ni mchaguzi. Mto ukiwa na kasi hubeba mawe, ukipunguza kasi huyaacha, baadaye huacha kokoto, halafu mchanga, na tope jembamba hulipeleka mpaka linakotulia. Ni chekeche. Pita kando ya Mto Nairobi baada ya mvua utaona kila saizi imelala na wenzake. Barafu ikiyeyuka inaacha vyote palepale, unga na jabali, vimechanganyika, na hiyo ndiyo alama yake ya kwanza. Ingawa alama hiyo peke yake haitoshi. Watu wa Mai Mahiu, mji wa Bonde la Ufa hapa Kenya, wanajua: alfajiri ya tarehe 29 Aprili 2024 maji yaliyokuwa yamezuiwa yalipopasua njia, yalishuka na tope, mawe, miti na magari pamoja, yakaua makumi ya watu, na hayakuchagua chochote. Tope zito hubeba kama barafu. Mtu akitaka kutofautisha milundo hiyo miaka elfu baadaye hana budi kupiga magoti na kuokota jiwe moja moja, akitafuta mikwaruzo.

Nilichokipenda zaidi katika masomo yangu ya wiki zile ni kwamba barafu haisahau, ila inachelewa. Kitu kikianguka juu mlimani, theluji ya mwaka ule inakifunika, na ya mwaka unaofuata, kinazama ndani kama barua kwenye sanduku. Kinasafiri humo gizani. Huku chini, ambako jua linakula barafu kuliko theluji inavyoongeza, kinaanza kupanda juu tena, mpaka siku moja kinachomoza. Mwaka 1820 waongozaji watatu walifunikwa na poromoko la theluji kwenye Mont Blanc, mlima wa Alpi huko Ulaya, wakatumbukia kwenye ufa wa barafu. Mskoti James David Forbes, aliyekuwa amepima mwendo wa barafu, alikadiria kwamba wangetokea chini baada ya miaka arobaini hivi. Mwaka 1861 mabaki yao yakaanza kuonekana kwenye ncha ya barafu ya Bossons, bondeni.

Ndege nayo imepita njia hiyohiyo. Tarehe 24 Januari 1966 Boeing 707 ya Air India iliyokuwa ikitoka Bombay kwenda London iligonga mlima huohuo ikikaribia Geneva. Watu 117 walikufa, mmoja wao mwanafizikia Homi Bhabha. Mwaka 2012 barafu ilitoa mfuko wa barua za kibalozi. Mwaka 2013 mpanda mlima aliokota kisanduku chenye vito vya zumaridi, yakuti na rubi. Mwaka 2020 yakatoka magazeti ya India ya Januari 1966, bado yanasomeka, yakitangaza kwamba Indira Gandhi amekuwa waziri mkuu. Fikiria kulikausha gazeti hilo juani na kusoma habari za asubuhi, zimechelewa miaka hamsini na minne.

Hapo ndipo neno kifusi lilinishinda kabisa. Kifusi kimeanguka chini ya nyumba yake. Ukiuliza ni cha nani, unaonyeshwa ploti. Kinachoachwa na barafu kiko mbali na kwao, na kwao kunaweza kutafutwa. Kuna jiwe linaloitwa kenaiti, jeusi, lenye fuwele kubwa zenye umbo la kashata iliyokatwa mshazari. Mwanajiolojia J. W. Gregory, aliyefika kwenye barafu ya Mlima Kenya mwaka 1893, ndiye aliyelipa jina kwa heshima ya mlima huo. Jiwe la aina hiyo linapatikana pia Antaktika, kwenye volkano ya Erebus katika Kisiwa cha Ross, tena vipande vyake vimekutwa ng'ambo ya ghuba kwenye Bonde la Taylor, ambako hakuna mwamba wa kuvizaa. Ni barafu iliyovivusha, na kwa vipande hivyo watafiti wakajua zamani ilikuwa ikielekea upande gani. Kwa hiyo mahali ambapo pengine hakuna Mkenya aliyewahi kuishi, jina letu ndilo shahidi mkuu wa kesi.

Mlima wenyewe nilikuwa nimeupanda mara moja, miaka sita iliyopita, kwa njia ya Naro Moru. Siku nyingine asubuhi, mvua ikiwa imeosha hewa, unaonekana kutoka kwenye maghorofa ya Nairobi, kama jino kwenye upeo wa kaskazini, na ofisi nzima inasimama dirishani. Wakamba waliuita Kiinyaa, wakiufananisha na mbuni dume: mwamba mweusi, manyoya meupe. Mmisionari Mjerumani Krapf aliuona akiwa Ukambani mwaka 1849, akaandika habari za weupe ule, na wasomi waliokaa Ulaya wakambishia.

Juu ya kambi ya Mackinder njia inakuwa kokoto tupu. Hatua mbili mbele, moja nyuma. Karibu na kibanda cha Austrian, mita 4,790 juu ya usawa wa bahari, nikaona barafu ya Lewis kwa mara ya kwanza, na sitadanganya, nilisikitika. Ilikuwa ndogo na chafu, rangi ya shuka la hospitali ya zamani. Mwingereza Mackinder alipofika kileleni mwaka 1899 mlima ulikuwa na mito ya barafu 18, mingi imeisha. Hii ya Lewis, iliyokuwa kubwa kuliko nyingine, ilipoteza takriban asilimia 90 ya ujazo wake kati ya 1934 na 2010, na ikakatika vipande viwili. Lewis mwenyewe, Henry Carvill Lewis, alikuwa Mmarekani aliyetumia maisha yake mafupi akifuatilia milundo ya mawe iliyoachwa na barafu. Gregory alichagua jina vizuri mno.

Mbele ya ile barafu, hatua nyingi kutoka ilipoishia, kulikuwa na tuta. Refu, limepinda kama ukingo wa ungo, mawe ya kila saizi na udongo wa kijivu. Nyuma yake, lingine dogo. Mpagazi wetu, mzee wa Naro Moru aliyekuwa amebeba mizigo ya wageni tangu ujana wake, alikuwa ameweka begi langu chini na anafunga kamba ya kiatu.

"Mzee, haya mawe ni nani aliyarundika?"

"Barafu. Ilikuwa inafika hapa."

"Mbona ikayaacha?"

Akaniangalia kama mtu anayeulizwa mbona maji yana unyevu. "Msichana wangu, si ilikuwa imebeba? Ukibeba na ukafika mwisho wa nguvu, unatua."

Wakati ule nilicheka tu, nikanywa chai. Miaka sita baadaye, mbele ya kamusi zangu tatu, sauti yake ikanirudia: unatua. Mpagazi hutua mzigo. Mahali pa kutua ni tuo, na tuo ndilo lililozaa kituo, cha matatu na cha polisi, na hata kile tunachokiweka mwishoni mwa sentensi. Wataalamu huliita tuta hilo moreni, nami sina ugomvi nao. Ila tuo la barafu lilikuwa limekaa mlimani muda wote, kinywani mwa mtu anayebeba, na mimi nililipita nikielekea kwenye chai.

Na linasema kweli kuliko nilivyodhani. Watu husema barafu inarudi nyuma, wanafikiri inapanda tena mlima. Hairudi. Inaendelea kuteremka na mizigo yake, ila ncha yake inayeyuka haraka kuliko inavyoletwa. Miaka ambayo kuyeyuka na kuletwa vinalingana, ncha inasimama mahali pamoja na mikokoteni inazidi kufika kwenye lango lilelile, inamwaga, inamwaga, na tuta linakua. Kipindi kikibadilika, lango linasogea juu. Kwa hiyo matuta mengi, moja nyuma ya lingine, ni vituo vya safari ya kufa. Ya zamani zaidi kwenye Mlima Kenya yako chini sana, yameota mimea, na wapandaji wanayapita wakidhani ni vilima vya kawaida.

Kuna jambo moja ambalo sikulitia kwenye kijitabu kwa sababu ya nafasi, na linaniuma. Mzigo humtendea mbebaji. Vumbi jembamba juu ya barafu huvuta joto la jua na kuiyeyusha haraka zaidi. Lakini tabaka likinenepa kupita sentimita chache linageuka blanketi, barafu iliyo chini inasalimika. Ndiyo maana unaweza kuona jabali limesimama juu ya mguu wa barafu, kama uyoga: lilijifunikia kivuli, na barafu yote ya pembeni ikaondoka. Wauza samaki wa Gikomba hawakusomea hayo. Wanafunika barafu kwa gunia, gunia nene, na ukiwaambia waweke kitambaa chepesi watakuuliza kama wewe ndiye utakayenunua samaki waliooza.

Mzigo pia hushikwa na mbebaji. Januari 2006, kwenye njia ya Western Breach ya Kilimanjaro, mawe yaliporomoka yakaua wapandaji watatu kutoka Marekani. Barafu kwenye kuta kama zile ni gundi. Ikiisha, kilichokuwa kimeshikwa hakina tena cha kukizuia, na hakitui taratibu.

Nilipeleka tafsiri siku ya Ijumaa, "tuo la barafu" likiwa kwenye ukurasa wa sita, na "kifusi" nikikiacha kwa nyumba. Mhariri alirudisha na swali moja pembeni: watoto hawatachanganya na kituo cha basi? Nikamjibu kwamba ndicho ninachotaka.

Lori la jirani lilikuja hatimaye, usiku, kama maharamia. Asubuhi palikuwa peupe, na mlinzi ameweka kando vigae vitano vya buluu, vizima, amevisafisha na kuvipanga ukutani. Hakuniambia vya nini, nami sikuuliza.

Jumamosi Mama alikuwa nyuma ya nyumba na karai, akifua. Nilimsikia akinyamaza, halafu maji yakimwagwa, halafu sauti yake:

"Nani ametia mchanga kwenye sabuni yangu?"

Mtoto wa kaka yangu akaniangalia. Nikamwangalia.

"Ni barafu, Nyanya," akasema.